Milango Mitatu ya Elimu ya Muziki Unguja

Mtoto anapomwambia mzazi wake kuwa anataka kusomea muziki, nyumba nyingi za mwambao wetu huingia kimya. Kimya hicho si chuki ya muziki, kwani nyumba hizo hizo ndizo zimiminazo tuzo harusini. Ni shaka tu: je, muziki nao ni elimu ya kuombewa nafasi chuoni? Historia ya Unguja ina jibu lake, nalo limepitia milango mitatu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa kutumwa. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri. Inasimuliwa kwamba alimpeleka Cairo kijana wa Unguja, Mohammed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni, naye aliporejea akawafundisha wenziwe, wakawa wapigaji wa kasri. Hapo palikuwa na shule na mwanafunzi, lakini hapakuwa na ombi. Chanda chema huvikwa pete, na zama hizo mwenye kuchagua chanda alikuwa mfalme.

Mlango wa pili ulikuwa wa kukubaliwa. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka Misri. Mwaka 1958 kikafuata kikundi cha Culture. Katika vilabu hivi mwanafunzi hakujaza fomu. Alihudhuria, akasikiliza, akabeba ala za wakubwa, hata siku moja akaambiwa akamate fidla. Karo yake ilikuwa subira, na cheti chake kilikuwa kiti jukwaani. Alipata ala pamoja na adabu zake. Ila kwa miaka mingi viti vya wapigaji vilikuwa vya wanaume.

Hapa ndipo tumkumbuke Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akafinyanga vyungu na kuviuza kabla ya kuhamia mjini. Hakupelekwa Cairo. Mpiga udi mmoja alimsikia, akatambua hazina iliyomo kooni mwake, akamsomesha uimbaji. Mwaka 1928 sauti yake ikatiwa kwenye santuri huko Bombay. Wengi humtaja Siti kuwa ushahidi kwamba kipaji hakihitaji shule. Naona wanamdhulumu, na mwalimu wake pia. Siti alisoma, tena kwa bidii. Alichokosa si elimu, bali haki ya kuichagua: ilimbidi angoje kusikiwa.

Mlango wa tatu ni wa kuomba. Chuo cha Muziki wa Nchi za Majahazi kiliasisiwa mwaka 2001, kikaanza masomo mwaka 2002, na kwa miaka mingi makazi yake yalikuwa jengo la forodha ya zamani, Mizingani, likitazama bahari. Humo mwanafunzi aliweza kutaja mwenyewe anachokitaka, udi, kanuni, nai, au ngoma na kidumbaki, na msichana aliweza kuomba sawa na kaka yake. Kwa mji uliozoea kuchaguliwa wanamuziki wake, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini mlango huu nao una kizingiti, nacho ni fedha. Mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kuwa kimepungukiwa, na kwamba wanafunzi wake wengi hawamudu karo. Mfalme alimlipia aliyemtuma. Klabu ilimlea mwanachama wake. Anayeomba mwenyewe, nani amlipie? Tusipojibu swali hili, uchaguzi utabaki kuwa wa wenye uwezo, na Siti wa leo atarudi kwenye vyungu vyake.

Kwa hiyo kijana anayechagua chuo asiulize cheti peke yake. Aulize nani atamfundisha maqam kwa sikio kabla ya karatasi, ala ipi ataiazima kwenda nayo nyumbani, na jukwaa lipi litampokea. Mambo hayo vilabu vya zamani viliyajua vyema.

Na mzazi anyamazaye atazame matunda. Mwaka 2009 kilianzishwa Tausi, kikundi cha taarab ambacho wapigaji wake ni wanawake. Mwaka 2015 wasichana waliopitia chuoni walishiriki kuunda bendi iliyobeba jina la Siti. Mfinyanzi wa Fumba alingoja kusikiwa. Hawa walibisha hodi wenyewe, wakafunguliwa.