Magonjwa Adimu ya Pingili za Juu za Shingo: Dalili, Uchunguzi na Tiba

Maumivu ya shingo huwapata wakazi wengi wa Kata ya Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, kama Watanzania wengine, na mengi hupona ndani ya wiki chache. Yapo, hata hivyo, magonjwa adimu ya pingili mbili za juu ambayo yasipotambuliwa mapema huweza kusababisha ulemavu wa kudumu au kifo.

Shingo ina pingili 7. Ya kwanza, atlasi, hubeba fuvu. Ya pili, aksisi, ina kijino cha mfupa ambacho atlasi hukizunguka kichwa kinapogeuka. Kano za kijino hicho zikilegea, au chenyewe kikivunjika, pingili huteleza na kuubana mshipa mkuu wa fahamu unaoongoza mikono, miguu na upumuaji.

Chanzo huweza kuwa kasoro ya kuzaliwa nayo, baridi yabisi, kifua kikuu cha mifupa, au jeraha la ajali ya pikipiki na kuanguka kutoka mtini.

Dalili za hatari ni maumivu ya kisogoni yasiyokoma, shingo kukakamaa au kupinda, ganzi, mikono kupoteza nguvu, kuyumba wakati wa kutembea na kushindwa kuzuia mkojo. Mwenye dalili hizo asikandwe wala kuzungushwa shingo. Majeruhi wa ajali asipakiwe kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao ulionyooka, kichwa kikiwa kimetulizwa.

Uchunguzi huanza kwa picha ya eksirei ya ubavuni na ya mdomo ukiwa wazi, ambayo huonyesha kijino. Kipimo cha CT hubainisha mifupa, na MRI huonyesha mshipa wa fahamu ulivyobanwa.

Tiba hutegemea chanzo. Baadhi ya wagonjwa huvalishwa kola ngumu. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili kwa skrubu. Kifua kikuu cha mifupa hutibiwa kwa dawa, kwa kawaida miezi 9 hadi 12, nazo hutolewa bila malipo.

Mgonjwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apate rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na ikibidi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996. Nguvu za mikono na miguu zilizokwisha kupotea si rahisi kuzirejesha. Kwa sababu hiyo, mgonjwa awahi kabla hazijapotea.