Seli za mtoto wa Uganda na mikono iliyozilisha

Vijana wenzangu wa Nakivale, na nyie wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, wiki hii tuongee historia ya labo. Wengi tukisikia "utafiti wa seli shina kwenye chuo kikuu" tunawaza Japani au Marekani, watu wa koti jeupe, mambo yasiyotuhusu. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya fundi wa maabara: kuzipa seli chakula, kuzitunza kwenye joto la mwili, kuangalia zisiingiliwe na bakteria wala kuvu. Ukizisahau siku mbili tatu, zinakufa, na miezi ya kazi inaenda bure. Na moja ya hadithi kubwa za kulea seli imeanzia hapa hapa Uganda.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji anaitwa Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye akaona mwingine Jinja. Akaanza kuhesabu, na mwaka 1958 akaandika habari za hiyo kansa ya watoto. Mwaka 1961, yaani kambi yetu ina mwaka mmoja tu tangu itambuliwe rasmi, Burkitt na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka Afrika ya mashariki na kusini maili kama 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Kumbe ugonjwa ulifuata joto, mvua na malaria. Kwenye milima ya baridi ya Kigezi, Rwanda na Burundi ulikuwa haba sana. Basi milima ambayo wazazi wetu wengi walitoka ilikuwa sehemu ya jibu.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London. Mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alisikiliza akawaza: labda kuna kirusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Epstein alivitazama kwenye mikroskopu ya elektroni kama miaka miwili. Hakuona kitu. Akabadilisha njia: badala ya kutazama nyama iliyokufa, tuzioteshe seli zenyewe zikiwa hai. Mwaka 1963 akapata msaidizi aliyejua kazi hiyo, dada mmoja wa Ireland, Yvonne Barr. Na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, akashika upande wa mikroskopu.

Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kutoka Kampala ilishindwa kutua London juu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka. Kila fundi anajua: maji yakichafuka, mara nyingi bakteria wameingia, unamwaga. Lakini kabla ya kumwaga waliweka tone chini ya mikroskopu. Hawakukuta bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe, hai, zinaelea moja moja, kwa sababu mtikisiko wa safari ulikuwa umezibandua kutoka kwenye kile kipande. Wakazilisha, zikaendelea kugawanyika. Wakaziita EB1: E ya Epstein, B ya Barr. Februari 1964 kirusi kikaonekana ndani yake, na Machi wakatangaza. Hicho ndicho Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu.

Sasa uhusiano na seli shina uko wapi? Kirusi hicho kikiingizwa kwenye aina fulani ya seli nyeupe za damu, kinazifanya ziendelee kugawanyika bila kuchoka. Maabara nyingi duniani zilikitumia kutunza damu za watu kwenye akiba, zimegandishwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2006, chuo cha Kyoto, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walichukua seli za ngozi za panya, wakazirudisha kuwa kama seli shina kwa kutumia jeni 4 tu. Njia hiyo baadaye ilitumika hata kwenye zile seli za damu za akiba. Yaani ujuzi uliopita Kampala uko ndani ya labo za leo.

Ila tazama majina. Yvonne Barr baadaye alihamia Australia akawa mwalimu wa shule, lakini jina lake limebaki. Yule mtoto wa Uganda hayumo kwenye "EB1". Nesi aliyemshika mkono hayumo. Aliyefunga kipande na kukiwahisha uwanja wa ndege hayumo pia. Bila wao, Epstein angeendelea kutazama nyama iliyokufa.

Ndiyo maana nasema mambo mawili. La kwanza ni kwetu. Wakija watu wa utafiti kambini kuchukua damu, uliza: inaenda wapi, itatunzwa miaka mingapi, majibu yatarudi lini? Sheria za utafiti Uganda zinataka kibali cha kamati ya maadili na ridhaa yako. Sisi tunaotafsiri, tutafsiri hata maswali, siyo tu "weka sahihi hapa".

La pili ni kwa mashirika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara, kilichoanza 1989, kinafundisha shahada ya sayansi ya maabara ya tiba, na Mbarara si mbali na sisi. Kinachomzuia kijana mara nyingi siyo kichwa. Ni diploma ya Kongo iliyoandikwa Kifaransa, inayotakiwa kutafsiriwa na kulinganishwa na UNEB, na hizo zote ni pesa. Ufadhili wa DAFI upo tangu 1992, lakini nafasi ni chache. Kumlipia mtu mmoja ulinganisho wa cheti ni kitu kidogo, na kinafungua mlango wote.

Mwaka 1963 Uganda ilituma kipande, London ikabaki na kazi ya kulisha. Safari hii, mikono ya kulisha iwe na ya kwetu pia. Nani hapa amesoma Baiolojia na Kemia na cheti kimekaa tu kwenye sanduku? Andika hapo chini, tuanze kuhesabu kama Burkitt.