Kikwembe, biberoni na hesabu ya wakoloni

Dada mmoja wa promosio yetu akizala, gurupu ya WhatsApp inajaa kwa dakika tano: nani atachanga ngapi, na tutamununulia nini. Hapa Lubutu orodha inajulikana. Biberoni mbili, bwati ya maziwa ya unga, layeti ya mtoto yenye kofia na soksi (na joto hili letu!), na kikwembe kama franka zimebakia. Mimi nimesoma agronomia, siyo historia wala udaktari. Lakini swali moja lilikuwa linanisumbua: hii orodha nani aliiandika? Nimetafuta, nimesoma, na nimeona kama kikwembe na biberoni havikuingia Kongo kwa mlango mmoja.

Tuanze na nguo. Zamani watu wa pori walivaa ganda la mti lililopigwa mpaka likalainika, na pande zingine za Maniema walifuma nyuzi za rafia. Kiisha, katika karne ya 19, misafara ya Waarabu na Waswahili ikafika Nyangwe na Kasongo, na ndani ya mizigo mlikuwa merikani: kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa Massachusetts huko Marekani, kikashuka Zanzibar, kikatembea juu ya mabega ya wapagazi mpaka mto Lualaba. Kilipimwa kwa shuka, yadi 2, na kwa doti, yadi 4. Sasa wewe nenda sokoni leo, uombe piesi moja: ni yadi 6, ni kusema vikwembe vitatu vya yadi mbili-mbili. Urefu ni ule ule wa shuka ya misafara.

Na kwa mama mwenye kunyonyesha, vile vitatu vinatosha kabisa. Kimoja kiunoni, kimoja fundi anashona libaya, kimoja kinabeba mtoto mgongoni. Hicho cha tatu njo cha ajabu: mtoto akinyonya njiani kinamfunika, akilala kinakuwa godoro, baridi ya usiku ikija kinakuwa blanketi, kiisha kinafuliwa na asubuhi kiko tayari. Mobutu alipoleta siasa ya Authenticité katika miaka ya 1970, akakataza wanawake kuvaa suruali, kikwembe na libaya vikawa nguo ya taifa. Ilikuwa amri ya siasa, mimi siisifu. Lakini kama ni kwa kunyonyesha, walau nguo ile haikuleta shida.

Biberoni ina historia nyingine, na hapa njo nilishangaa.

Mwaka 1894, huko Fécamp, Ufaransa, daktari Léon Dufour alifungua nyumba aliyoiita Goutte de lait, ni kusema tone la maziwa. Sababu yake ilikuwa ya kweli: watoto wengi walikuwa wanakufa juu ya maziwa machafu ya chupa. Yeye akawapa wazazi maziwa yaliyochemshwa, na akapima watoto kila mara. Mpango ule ukaenea Ulaya, Ubelgiji pia. Mwaka 1912 ikaanzishwa Ligue pour la protection de l'enfance noire, na ule mpango ukaletwa huku Kongo. Sasa angalia vizuri: dawa ilitengenezwa kwa mji ambamo mama wengi hawanyonyeshi, ikaletwa kwa inchi ambamo kila mama ananyonyesha miaka miwili, hata mitatu. Juu ya nini?

Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyechunguza sana mambo ya uzazi katika Kongo ya Wabelgiji, alionyesha jibu. Wakoloni walikuwa na hofu ya watu kupunguka. Magonjwa, kazi ya nguvu na mateso ya mpira vilikuwa vimemaliza vijiji, na kampuni zilihitaji mikono. Walipotazama familia zetu waliona mama ananyonyesha muda mrefu, na katika muda ule bwana na bibi hawalali pamoja, ili mtoto apate nguvu mbele mwenzake hajaja. Kwa wazee wetu ile ilikuwa akili. Kwa wakoloni ilikuwa hasara: mtoto mmoja kila miaka mitatu! Njo maziwa ya ng'ombe yakapata kazi mpya: kumwachisha mtoto mapema, ili mama abebe mimba ingine mbio. Katika kambi za Union Minière huko Katanga, kampuni ilipoanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao, mwisho wa miaka ya 1920, mama na mtoto walifuatwa karibu: kupimwa, kulishwa, kuandikwa. Hata nguo za mtoto zilikuwa na kazi yake. Kule Yakusu, misioni ya Wabaptisti karibu na Kisangani, vizawadi kama nguo ya mtoto na sabuni vilitumika kwa kuvuta wa mama waje hospitali. Sisemi kama hospitali ni mbaya, hapana. Nasema tu kama layeti haikuwa kadoo ya bure.

Hapa niruhusuni niongee kama mtu wa agronomia. Haya maziwa yangetoka wapi? Ng'ombe wanastawi kule juu milimani Kivu, huku pori la Lubutu tuna mbung'o na ugonjwa wake. Kwa hiyo kuzoeza mama wa huku maziwa ya ng'ombe ni kumfunga kwa bwati inayotoka mbali: ikikosekana gari, mtoto anakosa chakula. Tena maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama, juu ndama anaongeza uzito wake mara mbili kwa mwezi na nusu hivi, wakati mtoto wa mtu anahitaji miezi minne au mitano. Na titi inafanya sawa kiwele: ukikamua kidogo, kesho inatoa kidogo. Bwati ya bure inaweza kupunguza maziwa ya mama, kiisha bwati ya pili anainunua.

Hilo jambo la bwati ya bure ndilo lililoleta kelele duniani. Mwaka 1974 Mike Muller aliandika kitabu kidogo, The Baby Killer, kilichotolewa na War on Want huko Uingereza, juu ya makampuni yaliyouza maziwa ya unga katika inchi maskini, hata kwa kutumia wauzaji waliovaa kama wauguzi. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia Nestlé. Na Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha Kanuni ya kuzuia matangazo hayo: inchi 118 zilikubali, moja tu ikakataa, Marekani. Wengi hawajui kama Kanuni ile haisemi maziwa peke yake. Inagusa biberoni na chuchu yake pia. Mwaka 2001 mashirika ya misaada nayo yakaandika mwongozo wao: wakati wa vita na ukimbizi, usitume biberoni. Sisi wa hapa tuliokua na jina la Tingi-Tingi masikioni hatuhitaji kuelezwa sana: kambi, mvua, maji machafu, kuni hakuna. Biberoni utaichemsha na nini?

Na leo tuko wapi? Uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulionyesha kama karibu watoto wote wa Kongo, 98 kwa mia, wananyonya. Lakini wenye kupata titi peke yake mpaka miezi sita walikuwa 48 tu kwa mia. Wengi wa wale wengine wanapewa maji, "juu jua ni kali, mtoto ana kiu". Maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa, yanamtosha.

Sina ugomvi na bwati. Kuna mtoto aliyefiwa na mama, kuna mama ambaye daktari amemkataza. Kwa hao ni dawa, na wapewe kwa kikombe safi, chenye kuoshwa rahisi kuliko chuchu ya mpira.

Lakini kwa dada yetu mwenye afya, ile franka ya bwati mimi ningeipeleka kwake mwenyewe. Mama mwenye kunyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku. Hiyo ni vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya mawese, ao gramu 90 hivi za karanga, na vyote viko hapa hapa sokoni. Basi: mafuta, karanga, sabuni, na piesi nzima ya kikwembe, siyo kipande kilichobakia. Na wakati wa kupeleka libaya kwa fundi, mwambieni aache ile mode ya zipu mgongoni. Vifungo aviweke mbele.