Hesabu na Mashahidi Wake

Hesabu haiwezi kujishuhudia yenyewe. Mashine iliyofundishwa kuiga maumbile hutoa jawabu kila iulizwapo, na jawabu hilo hupendeza kwa unadhifu wa tarakimu zake. Lakini unadhifu si ukweli. Shahidi wa kweli ni kipimo kilichopatikana kwa kuyatazama maumbile yenyewe. Wataalamu wa fizikia ya chembe walichukua miaka mingi kuwakusanya mashahidi hao mahali pamoja, na kuufungua mlango kwa kila atakaye kuwahoji.

Chanzo cha habari hii ni karata. Katika mwaka wa 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati wa Kipoland aliyehamia Marekani, alikuwa akijiuguza na kujiliwaza kwa mchezo wa karata wa mtu mmoja. Alipotaka kujua ni mara ngapi mchezo huo hufuzu, aliona ni rahisi kuucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kuhangaika na kanuni. Alimshirikisha John von Neumann wazo hilo, na katika mwaka wa 1948 lilitumiwa katika kompyuta ya ENIAC kufuatilia mwendo wa nyutroni. Nicholas Metropolis aliiita njia hiyo Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa Monaco uliosifika kwa kamari.

Njia hiyo ndiyo iliyozaa programu za kuiga migongano ya chembe. Mojawapo iliyo mashuhuri ilitoka Lund, Sweden, ikaitwa PYTHIA, jina la kuhani wa kike wa Delphi aliyewatabiria Wayunani wa kale. Utabiri wa programu kama hizi una sehemu mbili. Ya kwanza hutokana na nadharia iliyothibitika. Ya pili huhusu mambo ambayo nadharia haijaweza kuyakokotoa, kama vile jinsi kwaki zinavyogeuka kuwa chembe zionekanazo katika vyombo. Hapo huwekwa vigezo, navyo hurekebishwa mpaka hesabu ilingane na kipimo. Hatari ndipo ilipo. Mtu huweza kukaza kigezo kimoja ili grafu moja ipendeze, kumbe grafu tatu nyingine zimeharibika, wala hakuna aliyezitazama.

Hatari ya kutojua mipaka ya hesabu ilionekana katika mwaka wa 1996. Kundi la CDF katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, lilitangaza kwamba mafungu ya chembe yenye nguvu kubwa kabisa yalikuwa mengi kuliko hesabu ilivyotazamia. Wengine walidhani kwamba huenda kwaki zenyewe zimeundwa kwa vitu vidogo zaidi. Lakini vipimo vya zamani vilipochunguzwa tena kwa pamoja, ilionekana kuwa havikubainisha vya kutosha habari za gluoni zenye nguvu nyingi ndani ya protoni. Hesabu ya kawaida ilikuwa na nafasi ya kuyapokea matokeo hayo pasipo fizikia mpya.

Vipimo vya zamani, basi, vilikuwa mali. Hata hivyo vingi vilikuwa vimezikwa katika grafu zilizochapwa majaridani, na mengi ya maelezo ya namna vilivyopatikana yalibaki vichwani mwa watu waliokwisha kuhamia kazi nyingine. Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kilikuwa kikikusanya tarakimu zake tangu miaka ya 1970. Huko Hamburg, katika warsha ya 1995 na 1996, ilianzishwa HZTool, iliyopewa jina kwa herufi za majaribio ya H1 na ZEUS. Ilikuwa mkusanyiko wa programu fupi za Fortran, kila moja ikirudia hatua za kipimo kimoja juu ya migongano ya kuigwa. Katika mwaka wa 2002 J. M. Butterworth na S. Butterworth waliieleza JetWeb, iliyoiunganisha kazi hiyo na hifadhidata inayofikiwa kwa mtandao. Mtafiti aliweza kuona vigezo vya programu, na hesabu na vipimo vikiwa bega kwa bega katika grafu. Aliyesifu vigezo vyake kwa grafu moja sasa angeweza kuulizwa habari za zile nyingine.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa katika kompyuta peke yake. Tarakimu pasipo masharti yake ni yatima: sharti ijulikane nguvu ya mgongano, pembe zilizotazamwa, na chembe zilizohesabiwa. Tena, vipimo huweza kusahihishwa kwa msaada wa programu zile zile za kuiga. Masahihisho hayo yakipita kiasi, shahidi amekwisha kufundishwa maneno na mshitakiwa. Ndiyo sababu ya kusisitiza kwamba kiandikwe kile kilichoonekana, si kile kilichodhaniwa kuwapo nyuma yake.

JetWeb yenyewe haikudumu. Fortran iliachwa, na HZTool ikarithiwa na Rivet, iliyoandikwa kwa C++. Mashine ya LHC ilipoanza kugonganisha protoni kwa nguvu ya TeV 7 katika mwaka wa 2010, chembe zilizotoka zilizidi utabiri wa programu nyingi, na vigezo vikarekebishwa upya. Katika mwaka wa 2013 ilielezwa MCPLOTS ya CERN, ambayo migongano yake ya kuigwa ilikokotolewa kwa msaada wa kompyuta za watu waliojitolea. Nayo hazina ya Durham ilijengwa upya, ikiitwa HEPData.

Majengo yalibomolewa na kujengwa tena, na lugha za programu zikapita kama mavazi. Kilichobaki ni desturi: asemaye kuwa hesabu yake ni sahihi hupaswa kuonyesha pia mahali inapokosea.