Chama cha Wakulima wa Korosho katika Nchi ya Masasi na Newala

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mtu wa Masasi na Newala amelizoea kwa macho, lakini si wengi wanaolijua tangu mwanzo wake. Jambo lenyewe ni chama cha ushirika, ambacho kila mwaka hukusanya korosho za watu, huziuza mahali pamoja, kisha huwarudishia wenyewe fedha yao. Tukiifuata historia yake tutaona ya kuwa chama hiki kimeanguka na kuinuka zaidi ya mara moja, na kila kilipoanguka sababu ilikuwa karibu ile ile: mkulima alikuwa hana tena uwezo wa kuuliza hesabu.

Kwanza tuitazame nchi. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, mahali palipoinuka, penye mchanga na vichaka, pasipo mito. Mtu akisimama ukingoni huliona bonde la Ruvuma chini, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Kwa miaka mingi wanawake walishuka mteremko ule kwenda kuteka maji, kisha wakapanda tena na mitungi vichwani. Kazi kubwa ya kupandisha maji kwa mabomba ilifanywa katika miaka ya 1950. Masasi iko upande wa magharibi, penye milima ya mawe, karibu na njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda pwani na pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 kijiji kikashambuliwa na wale walioitwa Wamagwangwara, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Masasi ikaharibiwa tena.

Twataja mambo hayo ili ijulikane ya kuwa nchi hii haikuanza na mali. Ilikuwa mbali na soko, maji yake haba, na vijana wake wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ili wapate fedha ya kodi na nguo.

Mti uliobadili hali hiyo ni mkorosho. Asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioleta mbegu yake katika pwani ya Msumbiji katika karne ya 16. Mkorosho hauchagui ardhi. Huvumilia mchanga na ukame. Watu waliupenda kwa kivuli, na kwa bibo lake litengenezwalo uraka. Korosho zenyewe hazikuwa biashara kubwa mpaka karibu na Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita hivyo biashara ikaongezeka sana, maana India walizihitaji kwa kuzibangua na kuziuza tena.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea, kaskazini ya Masasi, ikawa mojawapo ya mahali pake. Vililetwa vyombo vya kung'oa miti, na reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango uliachwa kwa hasara kubwa, wala reli ile haikudumu. Lakini katika miaka hiyo hiyo mwanakijiji wa Newala alikuwa akipanda mikorosho yake michache pembeni mwa shamba la mihogo, bila mkopo wala mtambo, na miti hiyo ikaota. Basi utajiri wa kusini ulitoka katika mikono midogo mingi.

Lakini mikono midogo ina udhaifu wake. Mwenye magunia mawili hawezi kwenda Mtwara kutafuta meli. Humngoja mnunuzi mlangoni, naye mnunuzi huja na kipimo chake, bei yake, na mara nyingi deni lake. Ndiyo sababu watu wa mahali pengi wakaona faida ya kuuza pamoja. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha umoja wao mkubwa, KNCU. Kusini ushirika ulichelewa. Ulienea hasa katika miaka ya 1950 na baada ya uhuru wa mwaka 1961.

Baada ya uhuru vyama viliongezwa haraka, na vikapewa haki ya kununua mazao peke yake. Heshima hiyo ilikuwa na hatari ndani yake. Chama ambacho mtu hana budi kukiuzia hakilazimiki tena kumpendeza. Manung'uniko yalizidi hata mwaka 1966 Rais Julius Nyerere akaunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Yakaonekana mambo ambayo wakulima walikwisha kuyasema: watumishi wengi mno, gharama kubwa, na wizi mahali mahali.

Hata hivyo mikorosho iliendelea kuzaa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kiasi cha tani 145,000, nyingi katika hizo zikitoka kusini. Kisha mambo mengi yakaja pamoja. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na mashamba yao yakabaki mbali, yakamezwa na vichaka. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri, na ununuzi ukawa mikononi mwa shirika la umma. Tena ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hulifunika ua la mkorosho kama vumbi jeupe na kulikausha kabla halijawa tunda. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika hata tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo, vya Masasi na Newala vikiwamo, vikakaa kimya kwa kukosa korosho na vipuri.

Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na baada ya mwaka 1991 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, walifundisha kupuliza salfa na wakatoa miche bora, na mavuno yakapanda tena. Lakini wanunuzi wengi hawakuleta bei njema siku zote. Ndipo katika msimu wa 2007/08 mkoa wa Mtwara ukaanza utaratibu wa stakabadhi ghalani, nao ndio unaotawala mwaka wa chama mpaka leo.

Sasa tuufuate mwaka huo hatua kwa hatua. Masasi ni eneo la chama kikuu kiitwacho MAMCU. Newala na Tandahimba ni eneo la TANECU. Chini yao viko vyama vya msingi vya vijijini, ambavyo watu huviita AMCOS. Kabla ya maua kutoka, wakulima hupalilia na kupogoa. Toka mwezi wa Juni hivi hupuliza salfa, na kazi ya chama ni kuhakikisha ya kuwa dawa inafika kwa wakati, kwa maana dawa ikifika baada ya ua kukauka ni sawa na mvua baada ya mavuno. Kuanzia Septemba na Oktoba korosho huokotwa, huanikwa, huchaguliwa, hutiwa katika magunia na kupelekwa kwenye chama cha msingi. Hapo hupimwa mbele ya mwenyewe, naye hupewa karatasi ya uzito. Kutoka kijijini huchukuliwa mpaka ghala kuu, zikapimwa tena na kuangaliwa ubora. Kisha huja mnada. Wanunuzi hutoa bei zao, bei husomwa hadharani, na wakulima huweza kuzikubali au kuzikataa. Mnunuzi akishalipa, fedha hupitia katika vyama na benki mpaka kwa mkulima, baada ya kukatwa usafiri, ghala, ushuru wa halmashauri na ushuru wa vyama. Mahali pengine hukatwa pia mchango wa elimu, ndiyo maana tumesema chama ni cha kijiji kizima: hata dawati la mtoto laweza kutoka katika gunia la korosho.

Utaratibu huu ni mzuri, lakini una mahali pawili pa kuvunjikia. Pa kwanza ni kuchelewa kwa malipo. Mwezi wa Aprili mwaka 2013, katika wilaya ya Liwale, malipo ya pili yalipotoka pungufu ya yale yaliyotarajiwa, watu walifanya ghasia na nyumba zikachomwa moto. Kuchoma nyumba si haki, wala hatuwezi kuusifu moto. Lakini mwenye hekima huuliza kuni zilikusanywa na nani. Mtu aliyeleta korosho zake, akangoja miezi, kisha akapewa fedha pungufu bila maelezo anayoyafahamu, huona ameibiwa hata kama hakuibiwa.

Mwaka 2018 jambo jingine likatokea. Msimu uliotangulia ulikuwa mwema sana; nchi ilipata zaidi ya tani 300,000, na bei katika minada mingine ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 bei zilishuka sana, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakazikataa mnadani. Rais John Magufuli akaamuru Serikali izinunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Novemba jeshi likatumwa kuzichukua. Bei ilikuwa nzuri kuliko ya wanunuzi. Lakini kabla ya kulipwa watu walihakikiwa kama kweli wana mashamba, na malipo ya wengine yakachukua muda mrefu. Basi bei njema iliyochelewa iliwaumiza watu wale wale iliyokusudiwa kuwasaidia. Baadaye minada ilirudi, na msimu wa 2024/25 bei ilipita tena shilingi 4,000.

Mahali pa pili pa kuvunjikia ni kangomba. Neno hili watu wa kusini hawahitaji kufasiriwa: ni kununua korosho kwa siri, aghalabu kabla hazijaanguka mtini, kwa kipimo kisicho halali. Sheria imekataza, lakini haijaisha, nasi twataka kuonyesha kwa hesabu jinsi inavyokula. Tuseme mtu ana magunia kumi, kila moja kilo 80. Jumla ni kilo 800. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000. Mali yake ni shilingi 2,400,000 kabla ya makato. Lakini mwezi wa Februari mtoto aliugua, ghala la chakula likawa tupu, naye akaahidi korosho hizo kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Atapata shilingi 800,000. Theluthi mbili za kazi ya mwaka mzima zimekwenda, na bado hatujahesabu kipimo kilichojazwa mpaka kikafura.

Watu wengine husema mwuza kangomba ni mjinga. Sisi hatukubali. Mwenye njaa hachagui soko. Twaona ya kuwa mambo haya mawili ni ndugu: chama kikichelewa kulipa mwaka huu, kinampeleka mwanachama wake kwa mnunuzi wa siri mwaka ujao, na mwanachama akiuza kwa siri, ghala la chama hupungukiwa, gharama za kila kilo huongezeka, na mwaka wa tatu chama hulipa vibaya zaidi. Chama chenye akili hupigana na kangomba kwa mambo matatu: malipo ya haraka, hesabu iliyo wazi, na akiba au mkopo mdogo wa miezi ya njaa. Polisi peke yake hawatoshi.

Kuna kazi nyingine iliyo mbele. Sehemu kubwa ya korosho zetu bado husafirishwa zikiwa na maganda yake, zikabanguliwe India na Vietnam. Anayebangua ndiye anayepata kazi, na aghalabu ndiye anayepata faida. Chama cha TANECU kimejenga kiwanda chake cha kubangua huko Newala, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini viwanda vya zamani vilivyonyamaza vyatuonya: jengo halibangui korosho. Kiwanda chahitaji korosho za kutosha, fedha za kuzinunulia, mafundi na soko, na juu ya hayo wasimamizi wanaotoa hesabu.

Twamalizia kwa shauri kwa wanafunzi. Katika nyumba nyingi za Masasi na Newala mtoto ndiye asomaye vizuri kuliko wote. Mzazi wako anapoleta karatasi ya mizani, isome. Zidisha uzito kwa bei, toa makato moja moja, uone kama jumla ni sawa na fedha iliyopokewa. Usipoona sawa, mweleze mzazi wako kwa adabu, naye apeleke swali lake katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama, ambapo hesabu husomwa mbele ya wanachama. Na wazazi, akina mama pamoja na akina baba, wasiuache mkutano huo kwa wazee watatu na karani. Mwaka 1976 chama kiliondolewa kwa amri kutoka juu, na vijijini watu wengi hawakukilia, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuwa mgeni kwao. Chama kisipotoa hesabu kitakuwa mgeni tena, hata kama jina lake lingali limeandikwa mlangoni pa ghala.