Gari likibadilishwa injini: breki na mishale ya dashibodi

Magari mengi ya kazi vijijini hayatembei tena na injini yaliyotoka nayo kiwandani. Hilux iliyokuja na petroli inafungwa injini ya dizeli ya 3L, Land Rover ya zamani inapewa injini na giaboksi ya Toyota, na kazi inaendelea. Sababu inaeleweka: dizeli inavuta mzigo vizuri na vipuri vyake vinapatikana. Siku ya kukabidhiwa gari, mwenyewe husikiliza mlio, akaona injini inawaka bila shida, akalipa. Hapa tunaeleza yale ambayo mlio hauwezi kumwambia: kama breki bado zina msaada, na kama mishale ya dashibodi inasema kweli.

Tuanze na breki, maana ndizo zinazoua.

Gari la namna hii halisimamishwi kwa nguvu ya mguu peke yake. Kati ya pedali na masta silinda kuna chombo cha bati cha mviringo ambacho mafundi hukiita busta. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Hewa ikifyonzwa upande mmoja, hewa ya upande wa pili inakisukuma kiwambo na kuusaidia mguu wako. Katika injini ya petroli ufyonzaji huo unapatikana bure: kwenye njia ya hewa kuna kilango kinachojifunga ukiachia mafuta, pistoni zinavuta hewa isiyotosha, na bomba la busta linachomekwa hapo hapo. Injini nyingi za dizeli hazina kilango cha kuibana hewa hivyo. Ukilichomeka bomba la busta kwenye njia yake ya hewa, hupati kitu.

Kwa hiyo dizeli huja na pampu yake ya kufyonza, ambayo mafundi huiita vakyumu pampu. Kwa injini za Toyota za 2L, 3L na 5L, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta, inazunguka pamoja nayo, na inalainishwa kwa oili ya injini. Hapo ndipo balaa nyingi huanzia. Alteneta ikifa, mtu ananunua nyingine ya bei nafuu isiyo na pampu. Betri inachaji, taa zinawaka, lakini breki zimekuwa ngumu kama jiwe. Au mkanda wa alteneta unakatika njiani, na dereva anaamua kusogea hadi mji unaofuata akidhani alichopoteza ni chaji tu. Kwenye injini hizi, mkanda wa alteneta ni sehemu ya breki.

Gari lililokosa busta bado linasimama, ila linataka ukanyage kwa nguvu zako zote, na linakwenda mbali zaidi kabla ya kutulia. Kwenye tambarare utalalamika tu kwamba pedali ni nzito. Ukiwa unateremka Kitonga na magunia ya mahindi nyuma, ni habari nyingine.

Kupima hakuhitaji kifaa chochote. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi, zima injini. Kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Usiiachie, washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta haipati ufyonzaji au yenyewe imekufa. Kisha acha injini iungurume dakika moja, izime, subiri dakika mbili, ukanyage tena. Mara ya kwanza pedali iwe laini, halafu izidi kukaza. Ikiwa ngumu tangu mwanzo, kuna mahali hewa inapenya, au valvu ya njia moja kwenye bomba la busta haifungi. Tazama na bomba lenyewe: mpira mwembamba wa maji hunywea ukifyonzwa na kuziba njia. Pedali inayozama polepole hadi chini wakati umeikanyaga ni ugonjwa mwingine kabisa. Mafuta ya breki yanavuja au masta silinda imechoka, na gari hilo lisiondoke hapo.

Ingia pia uvunguni. Injini mpya huhamisha bomba la moshi, na likipita karibu na mabomba ya breki, mafuta ya breki yanaweza kuchemka na pedali ikawa kama sifongo. Kwenye Land Rover za zamani handibreki imefungwa nyuma ya giaboksi ya kugawa nguvu, si kwenye magurudumu. Giaboksi hiyo ikitolewa, handibreki imeondoka nayo.

Sasa mishale. Geji ya joto na sensa yake ni mtu na mwenzake. Ukiunganisha sensa ya injini mpya na geji ya gari la zamani, mshale unaweza kukaa katikati huku maji yanachemka. Tunapendekeza sensa ya zamani ihamie kwenye injini mpya kwa adapta, au geji ije pamoja na injini yake. Na ujue kwamba maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka, kana kwamba mambo ni mazuri.

Taa ya oili na ya chaji zipime kila asubuhi. Fungua swichi bila kuwasha injini: zote mbili ziwake. Injini ikishika, zizime. Taa isiyowaka kabisa haimaanishi uzima. Huenda waya umekatwa. Alteneta nyingi huamshwa na umeme unaopitia taa hiyo ya chaji, hivyo ukiondoa glopu yake, chaji inaweza kugoma.

Kipima mwendo cha waya husoma mzunguko wa propela, hakijui difu iliyofungwa. Gari lililokuwa na difu ya 4.875 likiwekewa ya 4.1 bila kubadilisha kigia cha kipimo, mshale utasema 50 huku unakwenda karibu 59, na hiyo ni faini kwenye kijiji chenye kibao cha 50. Mpe abiria simu yenye GPS asome mwendo, mlinganishe.

Mshale wa mizunguko ya injini usikunyime usingizi. Ule wa petroli huhesabu cheche za plagi, na dizeli haina cheche, hivyo utalala mpaka fundi aupatie waya kutoka kwenye alteneta.

Lililobaki ni la karatasi. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini. Kwa Tanzania, mabadiliko hayo hupelekwa TRA, nawe uwe na risiti ya injini uliyonunua.