Lilinga la Kalenga na Jina Lililohama

Itajwapo miji yenye kuta katika Afrika ya Mashariki, fikira za wataalamu hukimbilia pwani, Kilwa na Gedi. Ya bara hutajwa kwa nadra, nadhani kwa sababu kuta zake zilikuwa za udongo na mawe, nazo hazikumngoja mtu wa kuzipima. Hata hivyo uko ushahidi mwingine, nao ni lugha.

Asafiriye kutoka Njombe akapita Makambako kuelekea Iringa hutoka katika Kibena akaingia katika Kihehe, lugha mbili ambazo Guthrie aliziweka katika kundi moja, G.60. Kihehe kina neno lilinga, yaani ngome. Shina ni -linga, na li- ni kiambishi cha ngeli ya 5. Linga hilo hilo lapatikana mbali kusini, katika Kichewa cha Malawi, kwa maana ya ukuta wa kujihami. Kwa hiyo si busara kudhani kwamba ngome za nyanda za juu ziliigwa kwa Waarabu tu.

Lilinga lililovuma zaidi ni Lipuli, mji wa Mkwawa uliojengwa Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Ndani ya ukuta zilikuwamo tembe: nyumba za miti iliyokandikwa udongo, zenye paa bapa lililofunikwa udongo pia. Nyumba ya namna hii haishiki moto upesi kama ya nyasi, jambo la maana katika nchi ya vita. Wajerumani, walioshindwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, waliuteka mji huo tarehe 30 Oktoba 1894 chini ya von Schele. Mkwawa aliponyoka, akapigana mpaka alipojiua Julai 1898.

Lakini jina nalo lilitekwa. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga kituo juu ya kilima, kikaitwa Iringa Mpya. Iringa ni lilinga lile lile, l ikigeuka r katika vinywa vya wageni. Kituo chenyewe kikawa boma, neno ambalo hata leo, Njombe kama Iringa, huwapeleka watu kwenye ofisi ya serikali, wala si kwenye ukuta.

Kalenga wageni huenda kulitazama fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954. Mabaki ya ukuta huyapita. Ingefaa majina ya mahali yenye shina -linga yatafutwe Njombe na Makambako, kijiji kwa kijiji, wakati wazee wangali wakiweza kuonyesha ukuta ulipita wapi.